Safari ya Mlimani Iliyomponyoka Mahendra

Mahendra alizaliwa katika chumba cha nyuma ya duka, akakulia kwenye kaunta ya mbele, na mpaka anafikisha umri wa miaka thelathini na tano hakuwa amewahi kulala mahali ambapo kaka yake hakupajua.

Duka lenyewe lilikuwa la vyuma na vifaa vya nyumbani, katikati ya mji wa Arusha, si mbali na soko. Baba yao alifariki Mahendra akiwa bado mtoto, na tangu hapo mlezi wake alikuwa kaka yake Kishor, aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Nyumbani wote walimwita Motabhai, yaani kaka mkubwa kwa Kigujarati, na walilitamka jina hilo kama mtu anavyomtaja baba. Motabhai ndiye aliyempeleka Mahendra shule, ndiye aliyemtoa shule, na ndiye aliyemchagulia mke. Hakuwa mtu mkatili. Aliamini tu kwamba jambo lolote, hata dogo, asipolisimamia mwenyewe litaharibika.

Kitu kimoja tu hakukisimamia, nacho kilikuwa baiskeli ya mdogo wake. Ilikuwa nyeusi, nzito, iliyokwisha tumika, aliyoinunua Mahendra kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Kila Jumapili asubuhi aliipanda mpaka Lemara, wakati huo pakiwa bado mashamba na vichaka, akageuza, akarudi kabla chai haijapoa. Zaidi ya hapo hakuwahi kwenda.

Kwa ajili ya baiskeli alipata rafiki. Sumari alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, askari wa zamani aliyepigana Burma wakati wa vita, na mwaka huo wa 1949 alikuwa akifanya kazi ya kuzunguka vijijini kuchanja ng'ombe. Barabara zake zilikuwa za mawe na miiba, kwa hiyo kila wiki alikuja dukani kununua viraka, spoku au mnyororo. Mahendra alikuwa akitoka nje barazani kumsaidia kufunga, mikono yote miwili imejaa grisi, na wakati wanafunga Sumari alimsimulia jinsi walivyokuwa wakilala porini, mvua inapiga turubai usiku kucha na wao ndani wakavu. Kwa mtu aliyelala maisha yake yote jirani na stoo ya misumari, maneno hayo yalikuwa na utamu ambao hakuweza kumweleza mtu.

Siku moja ya Mei Sumari alikuja bila haja ya kununua kitu.

"Bwana Mahendra, umesikia habari za mbio?"

"Mbio gani?"

"Za mlimani. Siku ya sikukuu ya Mfalme, mwezi ujao. Wazungu wa upande wa Momella wameandaa watu wakimbie kutoka chini, wapande msitu, wafike kwenye kreta ya Meru, halafu warudi. Na mdogo wangu Eliamini amechaguliwa."

"Eliamini yule mwembamba?"

"Yule yule. Anakimbia kama mtu aliyeiba." Sumari alicheka. "Mimi nitakwenda kwa baiskeli siku moja kabla. Napita Usa, napanda Ngongongare, halafu naingia msituni. Nitalala huko huko ili alfajiri niwe nimeshakaa mahali pazuri."

"Utalala nje?"

"Nitafanyaje? Hema la jeshi walibaki nalo wenyewe."

Mahendra akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena. "Mimi nitashona hema," akasema. "La watu wawili."

Mpango ulianza hivyo. Almas, fundi cherehani aliyekaa barazani mwa duka, alipewa kitambaa kizito cha turubai kilichobaki stoo, na kila jioni Mahendra alisimama nyuma yake akimwambia apinde hapa, atoboe pale. Vigingi alivichonga mwenyewe. Sumari alimchorea njia kwenye karatasi ya kufungia sukari: hapa kuna daraja, hapa utashuka usukume, hapa nyati hupita jioni, usisimame. Wakakubaliana kila mtu abebe blanketi moja, maji, na chakula cha kumtosha. Baiskeli mbili, hema moja, basi. Kwa majuma mawili Mahendra aliwahudumia wateja huku akitabasamu peke yake, mpaka wengine wakamuuliza kama mkewe amejifungua.

Ilibaki kumwambia Motabhai.

"Naomba ruhusa ya siku mbili," alisema asubuhi moja, kabla ya wateja.

"Unaumwa?"

"La. Nataka kwenda kutazama mbio."

"Mbio za magari?"

"Za watu. Wanapanda mlima."

Motabhai aliweka chini kikombe chake. "Wanapanda mlima kufuata nini?"

"Wanakimbia tu. Wanafika juu, wanarudi."

"Na wewe utapata nini?"

Motabhai akatikisa kichwa na kwenda kufungua milango. Siku tatu hakusema neno juu ya jambo hilo. Siku ya nne akaja akiwa na uso mkunjufu, na Mahendra angejua kwamba uso ule ni hatari kuliko hasira, angekimbia siku ile ile.

"Nimefikiri," Motabhai alisema. "Nenda. Na kwa kuwa utapita Usa, utampelekea Bi Khatun mzigo wa duka lake. Misumari, bawaba, na zile kufuli. Si uko njiani?"

"Motabhai, ninakwenda kwa baiskeli."

"Baiskeli ina keria."

Mahendra akakubali, maana kukataa kungeharibu yote. Lakini habari ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba, na huko ilianza kuota miguu. Mama yao, ambaye wote walimwita Ba, alitaka kujua nani atapika.

"Sumari anajua kupika," Mahendra alisema.

Nyumba ile haikula nyama, wala haikula chakula kilichopikwa katika chungu kilichowahi kuona nyama.

"Sumari atapika nini?" Ba akauliza kwa upole.

Kesho yake mke wa Motabhai alianza kukaanga. Zilitengenezwa chapati kavu za majani ya uwatu, achari za maembe, vitafunio vya unga wa dengu, na jiko la mafuta ya taa likasuguliwa mpaka likang'aa. Mahendra alipojaribu kusema kwamba vitu hivyo havitabebeka, Ba alimtazama kana kwamba amemwambia hataki kula tena chakula cha mama yake. Usiku alihesabu moyoni uzito wa mzigo na uzito wa kilima cha Ngongongare, na usingizi ukakataa kuja.

Aliyemaliza kabisa mpango ule alikuwa Amarjit. Huyu alikuwa Singasinga mwenye lori, ambaye wote walimwita Sardarji kwa heshima, rafiki wa Motabhai tangu ujana, mtu wa sauti kubwa na moyo mweupe. Aliingia dukani kununua nati, akasikia habari, akapiga kaunta kwa kiganja.

"Baiskeli! Unataka kufa kifua? Siku ile lori langu halina kazi. Nitawapeleka wote. Ba atakuja, watoto watakuja, tutakula hewa ya mlima. Wewe Mahendra umewaza jambo zuri sana, kwa nini unataka kulila peke yako?"

"Sardarji, nashukuru," Mahendra alianza, "lakini mimi na Sumari tulikuwa..."

"Na Sumari pia! Lori ni kubwa!"

Motabhai alicheka, na Mahendra alijua mambo yamekwisha. Jioni ile ile waliokuwa wanakwenda walifika tisa, ukiacha watoto. Kila mmoja alimshukuru Mahendra. Alipigwa mabegani, akaitwa mtu wa fikra nzuri.

Siku mbili kabla ya safari Sumari alikuja kuchukua tyubu mpya. Mahendra alikuwa kwenye mizani akipima misumari ya mteja. Motabhai ndiye aliyemwona kwanza.

"Sumari! Umesikia? Tunakwenda wote na lori. Wewe utakaa nyuma na mizigo, utashika masufuria yasimwagike."

Hakusema kwa dharau. Angemwambia hivyo hivyo mtu yeyote Mwafrika, na asubuhi yake angempa chai. Sumari alisimama na tyubu mkononi.

"Asante, bwana," akasema. "Mimi nina baiskeli."

Akatoka. Mahendra alikuwa ameyasikia yote, na macho yake hayakubanduka kwenye mshale wa mizani. Mteja wake ndiye aliyemshtua: "Bwana, misumari imezidi." Hapo akaacha kila kitu, akamfuata Sumari mpaka barabarani.

"Sumari, mimi sikupanga hivi."

"Najua."

"Waache waende na lori lao. Mimi nitakuja kwa baiskeli, kama tulivyosema."

Sumari alimtazama kidogo, kama anayepima iwapo ng'ombe aliye mbele yake atasimama wima au ataanguka. "Haya. Tukutane Usa, pale darajani, asubuhi. Nitakusubiri."

"Nitafika."

Asubuhi ya safari Mahendra aliamka wa kwanza. Kalpana, mkewe, alimfungia skafu shingoni. Alifika mlangoni na baiskeli yake, hema limefungwa nyuma, mzigo wa Bi Khatun umefungwa juu ya hema. Hapo Ba akaamka. Haiwezekani mtu aanze safari bila baraka, na baraka zilitaka taa, na taa ilitaka samli, na samli ilikuwa imefungwa ndani ya kapu la safari lililokuwa chini kabisa ya makapu mengine. Ilipopatikana, Motabhai naye alikuwa ameshaamka, amegundua kwamba bawaba zilizofungwa si zile alizoagiza Bi Khatun. Mzigo ukafunguliwa barazani. Wakati unafungwa tena akaja mteja wa mapema aliyetaka kioo cha taa, naye hakutaka kuhudumiwa na mwingine kwa sababu Mahendra ndiye aliyekijua kipimo chake.

"Motabhai, nimechelewa!" Mahendra alisema, na sauti yake ilipanda juu kuliko ilivyowahi kupanda ndani ya nyumba ile.

"Umechelewa wapi?" Motabhai akauliza, kwa mshangao wa kweli. "Lori bado hata halijafika."

Jua lilikuwa limeshapanda vizuri alipotoka mjini. Alikanyaga pedali kwa hasira, akavuka mito midogo inayoshuka kutoka Meru, akapita mashamba ya kahawa, akapishana na wanawake wenye mikungu ya ndizi waliomkwepa na kumcheka jinsi alivyoinama. Misumari iligonga nyuma yake kila alipoingia shimoni. Alipofika Usa shati lilikuwa limemganda mgongoni. Pale darajani hapakuwa na mtu.

Bi Khatun alikuwa mlangoni mwa duka lake. "Kulikuwa na Mmeru mmoja hapa na baiskeli," alisema huku anapokea mzigo. "Amekaa asubuhi nzima. Nikampa maji. Ameondoka sasa hivi tu, ukikaza mwendo utampata."

Mahendra hakungoja hata bawaba zihesabiwe. Alikata kushoto na kuanza kupanda. Kilima cha kwanza alikipanda amekaa, cha pili amesimama juu ya pedali, cha tatu akashuka akasukuma. Kila kona aliamini atamwona Sumari mbele yake, na kila kona ilimwonyesha kona nyingine. Alipokuwa katikati ya mwinuko mrefu alisikia honi nyuma. Lilikuwa lori la Amarjit, limejaa watu waliokuwa wakiimba.

"Panda!" mke wa Motabhai alipaza sauti. "Utaugua!"

"Endeleeni! Mimi nakuja!"

Wangemwacha, wangekuwa wamemtendea wema. Badala yake Amarjit alipunguza mwendo, akawa anamfuata polepole, injini ikinguruma mgongoni mwake, kila mtu ndani ya lori akitoa ushauri. Mmoja alisema aegemee mbele. Mwingine alisema ashuke. Ba aliomba apewe maji. Watoto walihesabu kwa sauti kila alipokanyaga pedali. Mahendra hakugeuka. Alikazana, macho yamejaa jasho na kitu kingine ambacho hakikuwa jasho, mpaka tairi la nyuma lilipopita juu ya jiwe lenye ncha na kutoa ule mlio anaoujua kila mwendesha baiskeli. Pancha.

Alifungua mfuko wake wa vifaa. Viraka vilikuwepo. Gundi ilikuwa imekauka ndani ya kichupa chake, ngumu kama kokwa.

Baiskeli ikapandishwa ndani ya lori, ikafungwa kwa kamba juu ya masufuria, naye akakaa kando yake. Watu walifurahi sana. Walimpa chapati. Akaigawia watoto.

Walipoingia kwenye msitu wa Ngongongare, barabara ikiwa nyembamba na yenye mteremko mkali upande mmoja, walimpita Sumari. Alikuwa ameshuka, anasukuma baiskeli yake pembeni kabisa, amejibana kwenye majani ili lori lipite. Mahendra alimwona na kuruka wima.

"Simama! Sardarji, simama!" Akapiga paa la mbele kwa ngumi.

"Siwezi kusimama hapa!" Amarjit akajibu kutoka ndani. "Nikisimama hatutaondoka tena!"

Vumbi likamfunika Sumari. Mahendra aliona mkono wake umeinuka. Huenda alikuwa anasalimu, huenda alikuwa anajikinga macho. Hakuweza kujua, na jambo hilo lilimsumbua kuliko yote ya siku ile.

Mahali pa kutazamia mbio palikuwa uwanda wa majani kando ya msitu, chini kidogo ya njia ambayo wakimbiaji wangeitumia. Wazungu walikuwa wameshapiga mahema yao kwenye sehemu ya juu, penye nyasi fupi. Wahindi walielekezwa kando ya barabara, mahali pa kuegesha magari. Waafrika waliambiwa wakae ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyeona ajabu. Mjini nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Ila Mahendra, kwa majuma yote yale ya kuchonga vigingi, hakuwa amewaza hata mara moja kwamba na huko porini kutakuwa na huku na kule.

Alasiri Sumari alifika. Mahendra alimwona ng'ambo, akachukua hema begani na kuanza kuvuka mawe ya kijito. Akazuiwa na askari wa msitu, Mwarusha mmoja aitwaye Sakaya.

"Bwana, wewe ni upande ule."

"Ninamfuata rafiki yangu. Tutalala pamoja, hema hili ni letu sote."

Sakaya alitazama hema, akatazama juu kwenye mahema ya Wazungu. Hakuonekana kuifurahia kazi yake. "Basi mwite yeye aje kwako?" akasema, halafu akajisahihisha mwenyewe. "Hapana, naye haruhusiwi. Bwana, nisamehe. Mimi nimeambiwa."

Sumari alikuwa amekaribia mpaka ukingo wa maji. Vumbi la barabara bado lilikuwa kwenye nyusi zake.

"Nilifika Usa," Mahendra alimwambia. "Nilichelewa. Walini..."

"Nilikaa sana pale," Sumari alisema.

"Najua. Sumari, lori halikuweza kusimama. Nilipiga kelele."

"Sikusikia kelele. Injini ile ni kubwa." Akashusha pumzi. "Rudi, bwana. Usimletee huyu ndugu matatizo. Shangazi yangu anakaa huko chini, Ngare Nanyuki. Nitalala kwake." Wakati huo Wameru wa Ngare Nanyuki walikuwa bado katika ardhi yao, kuhamishwa kwao kwa nguvu kulikuja baadaye.

"Eliamini yuko wapi?"

"Amewekwa na wenzake. Hata mimi sijamwona."

Mahendra akarudi na hema lake. Alilipiga peke yake mbali kidogo na lori, na kwa kuwa hakuwahi kupiga hema maishani, alilipiga vibaya. Upande mmoja ulisimama, wa pili ukalala. Motabhai alikuja kumwelekeza ingawa naye hakujua. Amarjit akaja na nyundo. Mwishowe Mahendra akawaomba, kwa sauti ya chini ambayo iliwatisha zaidi ya kelele, wamwache. Wakamwacha.

Jua lilipoanza kuzama baridi ikashuka kutoka mlimani kama maji. Familia yote ilijikunyata ndani ya lori chini ya turubai. Kalpana peke yake ndiye aliyekuja hemani, na blanketi kichwani, akainama na kuingia.

Kalpana hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Wanawake wa nyumba ile hawakufanya hivyo. Alianza tu kusema.

"Ndivyo ulivyotaka iwe?"

"Hapana."

"Ulitaka iweje?"

Akamweleza. Alimweleza daraja la Usa, karatasi ya sukari, mvua inayopiga turubai, baiskeli mbili zikilala kwenye majani. Kalpana alisikiliza mpaka mwisho.

"Na katika mpango huo," akauliza, "mimi nilikuwa wapi?"

Mahendra akainua upande wa hema uliolala, ukaanguka tena.

"Tangu nimeolewa nimetoka Arusha mara mbili," Kalpana alisema. "Zote kwenda kwenye harusi Moshi. Wewe unakasirika kwamba lori limekuja. Lisingekuja, mimi ningekuwa jikoni sasa hivi." Hakusema kwa ugomvi. Alivuta blanketi, akajilaza upande ule wa hema uliosimama vizuri. "Hewa ni nzuri, hata hivyo."

Mahendra akajilaza upande wa pili, turubai lililolegea likimgusa uso. Alikuwa amekasirika na watu wote tangu asubuhi, na sasa alijikasirikia mwenyewe pia, na hasira zile mbili hazikupunguziana nguvu hata kidogo.

Asubuhi alipotoka nje hakuuona mlima. Hakuuona hata msitu. Ukungu wa Juni ulikuwa umefunika kila kitu, mzito na mweupe, hata lori lililokuwa hatua chache tu lilionekana kama kivuli. Watu wote walisogea kandokando ya njia na kusimama wakitetemeka. Walisikia bastola ikilia mbali huko chini. Halafu hawakusikia kitu.

"Wako wapi?" Ba aliuliza.

"Wanakuja," Amarjit akamjibu, bila kujua.

Baadaye ikaja sauti ya nyayo, nyingi, zikipiga udongo mbichi, na pumzi za watu. Zikapita. Mahendra alinyoosha shingo mpaka ikauma, akaona mguu mmoja, bega, kitambaa cheupe chenye namba ambayo haikusomeka. Ng'ambo ya kijito Wameru walianza kupiga vigelegele na kulitaja jina la Eliamini, lakini Mahendra hakujua kama walikuwa wamemwona au walikuwa wakitumaini tu.

"Alikuwa nani yule?" Motabhai aliuliza.

"Sijui."

"Tumekuja kote huku, na hujui?"

Mahendra akaondoka pale, akaenda kusimama nyuma ya lori.

Wakimbiaji walirudi mchana, ukungu haujainuka bado. Mzungu mmoja mwenye kipaza sauti cha bati alitangaza majina ya washindi, naye aliyatamka kwa namna iliyowafanya watu wa pande zote tatu watazamane wakiulizana ametajwa nani. Mahendra alishuka hadi kijitoni kumtafuta Sumari amuulize. Aliambiwa ameshaondoka na mdogo wake kwenda kwa shangazi. Amarjit alikuwa anapiga honi, anataka kuvuka msitu kabla ya giza. Mahendra akang'oa vigingi vyake, akapanda. Njiani wote walisema ilikuwa safari nzuri sana, ila ukungu tu.

Majuma matatu yakapita bila Sumari kuonekana dukani. Mahendra alisikia kwamba ananunua viraka kwenye duka jingine. Jumapili ya nne aliziba pancha yake kwa gundi mpya, na badala ya kwenda Lemara akakata barabara ya mashariki bila kumwambia mtu, kisha akapanda vijia vya mteremko mkali vya Nkoaranga, baiskeli begani zaidi ya kuipanda, akiuliza njia kwa watu waliotoka kanisani.

Nyumbani kwa Sumari alimkuta mkewe, Anjela, akichambua maharage chini ya kivuli cha migomba.

"Karibu, bwana. Mwenyewe hayupo. Ameitwa Nduruma, ng'ombe wa mtu ameugua."

"Atarudi saa ngapi?"

"Ng'ombe akipona, jioni. Asipopona, jioni vilevile, ila amenuna."

Akapewa kigoda na ndizi za kuchoma. Alikaa, akala, akatazama njia. Anjela alimwambia kwamba Eliamini alikuwa wa nne, na kwamba wa nne hakupewa kitu. Jua likainama. Nyumbani watakuwa wameshaanza kumtafuta, na Motabhai atakuwa amesimama barazani. Alingoja kidogo tena, akangoja tena, kisha akaaga.

Jumatano Sumari aliingia dukani. Motabhai alikuwa ndani akipokea mzigo.

"Nimesikia ulikuja," Sumari alisema.

"Nilikuja."

"Ulikaa sana?"

"Nilikaa."

Sumari akakubali kwa kichwa. Alichukua kopo la viraka kwenye rafu, akaligeuzageuza. "Ng'ombe yule alikufa," akasema. "Ningejua uko pale ningemwacha afe peke yake."

Mahendra alicheka, mara ya kwanza tangu Juni. Akainama juu ya kaunta na kushusha sauti. "Jumapili hii nitakuja tena. Asubuhi na mapema. Tupande mpaka mwanzo wa msitu, mimi na wewe tu, tukapike chai huko."

"Jumapili hii tuna ubatizo kanisani."

"Ile inayofuata?"

Sumari alifikiri. "Ile inayofuata nipo."

Kutoka ndani ya stoo sauti ya Motabhai ikaja, nzito na yenye furaha: "Mahendra! Usisahau, si Jumapili hii, ile inayofuata, tunakwenda Moshi wote. Kuna harusi."

Sumari alirudisha kopo la viraka mahali pake, halafu akalichukua tena. "Nihesabie na spoku," akasema. "Nne."